Sehemu ya Nne ya Muswada

Saint-Cyprien, 10 Januari 1993

Mpwa wangu Laurette,

Pokea salamu za huku juu, ambako theluji imefika madirishani na mto umeganda mpaka upande wa Kanada. Mimi mzima. Mkaza mjomba wako Exilda magoti yanamsumbua, ila mdomo haujambo. Jana alishinda jikoni akikaanga ploye, zile chapati zetu za ngano nyeusi, nyingi kana kwamba kuna kikosi cha askari kinakuja kula. Mama yako nilimwona kanisani. Baba yako bado anatembelea mkongojo, lakini wamemrudishia basi lake la shule, kwa kuwa mguu uliovunjika ni wa kushoto na basi lile halina klachi.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nishike kalamu, maana unajua kalamu na mimi hatujazoeana.

Habari yangu ya ujanani unaifahamu. Katika bonde hili hata mbwa wanaifahamu. Nikiwa na miaka kumi na tisa niliendesha lori la viazi visivyokuwa vyetu kuvuka daraja. Wenzangu walikimbia, na mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani. Nikafungwa karibu mwaka mzima. Hakuna aliyepigwa wala kutishwa siku ile, ila sheria haiulizi hayo. Inasema mtu aliyefungwa kwa kosa kubwa asishike bunduki mpaka azikwe. Ndiyo maana kwenye kambi ya mawindo mimi ni mpishi tangu ujana. Wenzangu hutoka na bunduki, mimi hubaki na mwiko, na sijawahi kulalamika mbele ya watu.

Novemba iliyopita bwana nyama alinikuta kwenye njia ya msituni nina bunduki mkononi. Ilikuwaje, hilo si la barua. Nimeshtakiwa, na kesi itasikilizwa Septemba. Wakili niliyepewa na mahakama anasema naweza kurudi jela katika umri huu.

Lakini kuna muswada Bungeni, hapo mjini kwenu. Una mambo mengi ya haki za wenye bunduki, na mengine hayanihusu. Linalonihusu ni sehemu ya nne: mtu ambaye kosa lake la zamani halikumuumiza mtu, na tangu hapo hajaharibu, aweze kuomba arudishiwe haki yake, na kama ana kesi ya kushika bunduki tu, kesi isimame mpaka ombi lisikilizwe. Nimesoma maneno hayo mpaka Exilda akaninyang'anya gazeti.

Wewe unakaa karibu na Bunge kuliko mimi ninavyokaa karibu na kanisa. Nenda kwa mbunge wetu, Onésime Plourde. Baba yake na baba yangu walivuna viazi shamba moja. Mwambie Alphée Cyr anamwomba asiiachie sehemu ya nne.

Ni mimi mjomba wako,
Alphée


Mjini, 28 Januari 1993

Mjomba,

Shikamoo, wewe na mkaza mjomba. Mwambie anisubirishie ploye, huku wanauza kitu wanakiita kwa jina hilohilo na ni kama kadibodi iliyoloweshwa. Mimi sijambo, nimechoka tu. Wodi ya majeruhi mwezi wa Januari haina huruma: watu wanateleza, wanagongana, wanapigana kwa sababu wamefungiwa ndani.

Barua yako niliisoma nikaiweka. Nikaisoma tena nikaiweka tena. Mjomba, naona umebisha mlango usio wako. Unajua ninachokiona kazini. Juzi aliletwa kijana aliyepigwa risasi na rafiki yake wakichezea bastola ya baba. Mama yake alinishika mkono na hakutaka kuuachia. Halafu nitoke hapo nikavae kofia ya rangi ya chungwa ya wawindaji na kuwaomba wabunge waongeze bunduki?

Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha gari, na ulininyamazia nilipogonga banda la kuku. Kwa hiyo nilikwenda, saa ya chakula cha mchana, na sare yangu ya unesi chini ya koti.

Plourde nilimpata kwenye korido akitembea haraka kama mtu anayedaiwa. Nikamwambia mimi ni nani. Akatabasamu mpaka masikioni.

"Alphée, mtu mwema sana. Mwambie niko naye."

"Upo naye vipi, Mheshimiwa? Utaitetea sehemu ya nne?"

"Binti yangu, muswada ni kama sufuria. Ukifunua kila mara, haivi."

Nikamwuliza kama ameisoma. Akasema watu wake wameisoma. Nikamwuliza watu gani, na wakati huo lifti ikafunguka akaingia.

Mjomba, na mimi nina swali. Bunduki ile ilikuwa ya nani? Wewe huna bunduki, ukoo mzima unajua huna. Nimempigia simu Baba, na kila nikitaja Novemba anasema mguu unauma na kumpa Mama simu.

Mpwa wako,
Laurette


Saint-Cyprien, 15 Februari 1993

Mpwa wangu Laurette,

Asante kwa kwenda. Baridi imekuwa kali hata gari la padri limekataa kuwaka, na Jumapili tulisali na padri wa ng'ambo ya mto ambaye mahubiri yake ni marefu kama reli. Exilda anasema uvae soksi za sufu.

Plourde namjua. Akiahidi jambo, angalia miguu yake. Hata hivyo, tangu ulipokwenda mambo yameanza kusogea. Wiki iliyopita alikuja nyumbani bwana mmoja wa Chama cha Wenye Bunduki, anaitwa Dwight Farnham, pamoja na mpiga picha. Alikaa mezani kwetu, akala vizuri, halafu akanitazama kama anayechagua ng'ombe mnadani.

"Mzee Cyr," akasema, "uso wako ndio tunaoutafuta."

"Uso huu?" Exilda akadakia. "Mimi nimeutafutia mnunuzi tangu tuoane."

Wakataka wanipige picha nimeshika bunduki. Nikawaambia, ndugu zangu, nikiishika ndiyo kesi ya pili. Wakanipiga picha nikitazama dirishani kwa huzuni. Sikuwa na huzuni, nilikuwa naangalia kama mpiga picha amemkanyagia Exilda waridi zake chini ya theluji. Picha hiyo sasa iko kwenye vipeperushi vyao jimbo zima. Farnham amenishika mkono akasema sehemu ya nne ndiyo moyo wa muswada, na kwamba hawatauza moyo.

Kamati itasikiliza wananchi mwezi wa Machi. Wataleta basi, nami nitakuja. Kila mtu anapewa dakika tatu za kusema. Exilda ananisikiliza nikijaribu na anasema nianze na viazi nimalizie na Mungu.

Utanilaza kwenye kochi lako?

Mjomba wako,
Alphée

Swali lako nimeliona. Mguu wa baba yako kweli unauma.


Mjini, 27 Machi 1993

Mjomba,

Natumaini ulifika salama na kwamba mkaza mjomba hakukusema sana kwa kuchelewa. Soksi zake nimezivaa. Kochi bado lina alama ya mgongo wako.

Nakuandikia kukueleza yaliyotokea baada ya wewe kuondoka, kwa kuwa najua Farnham atakusimulia kwa namna yake.

Siku ile tuliyokaa wote kwenye ile benchi ngumu tangu asubuhi, wewe na tai ya harusi yako, mpaka mwenyekiti akatoka kusema mjadala wa ada za leseni za uvuvi umekula muda wote na kwamba turudi Alhamisi, nilikuangalia ukikunja karatasi yako na kuirudisha mfukoni. Uliniuliza tu kama wabunge nao wanapewa dakika tatu. Nilitaka kumfuata yule mwenyekiti nikamshike koti. Basi lenu likaondoka, na wewe kwa sababu ya magoti ya Exilda na jiko la kuni ukaondoka nalo.

Alhamisi nilikwenda mimi na karatasi yako. Chumba kilikuwa na pande mbili. Kushoto walikaa wenye kofia za rangi ya chungwa. Kulia walikaa akina mama wenye utepe mweupe, na wengi wao nawajua kwa sura, kwa sababu watoto wao wamepita mikononi mwetu wodini. Nilikaa kushoto, kwa kuwa waliokuja kuunga mkono muswada walipangiwa huko. Mama mmoja wa upande wa kulia akanigeukia.

"Laurette, wewe huko? Si ulitia sahihi kwetu?"

Mjomba, ni kweli. Niliweka sahihi yangu kwenye ombi lao la kuupinga muswada huu, Desemba, kabla ya barua yako. Sikukuambia. Sikujua nikuambieje ukiwa umelala sebuleni kwangu.

Nilipoitwa nilisimama nikasoma. Nilianza na viazi. Nilipofika kwenye mwiko, hata upande wa kulia kuna waliocheka vizuri. Nilipomaliza, mjumbe mmoja wa kamati, mama mwenye miwani ambaye peke yake alionekana kusikiliza (wengine walikuwa wanapitisha biskuti), akaniuliza kwa upole:

"Mjomba wako alikutwa na bunduki. Bunduki ilikuwa ya nani, na ilifikaje mikononi mwake?"

Nikasema sijui.

"Hukumwuliza?"

"Nimemwuliza. Hajibu."

Akaandika kitu, akasema asante. Nilirudi kukaa nikihisi nimekuangusha, na nikihisi pia kwamba wewe ndiye uliyenitupa pale bila kunivisha viatu. Nakuuliza mara ya mwisho. Ilikuwa ya nani?

Laurette


Saint-Cyprien, 2 Mei 1993

Laurette,

Salamu. Barafu ya mto imepasuka na imekwenda, na udongo ukikauka tutaanza kupanda. Exilda hajambo. Mama yako ana kikohozi.

Nimechelewa kujibu, na si kwa sababu ya mashamba.

Habari ya sahihi yako imenikaa vibaya. Siyo kwamba uliitia. Wewe ni mtu mzima na unaona damu kila siku, mimi naona viazi. Ni kwamba ulinitengenezea kahawa asubuhi ile ukanifunga tai, ukijua. Lakini Exilda amenisema. Amesema, "Mtoto alisimama akakusemea mbele ya watu wake mwenyewe, na wewe hapa unanuna kama maziwa yaliyochacha." Basi nimeacha kununa. Nakushukuru kwa kusoma vizuri. Mama mmoja wa huku aliyekuwapo anasema ulisoma vizuri kuliko ambavyo ningesoma mimi.

Ila lile swali lingine umeuliza vya kutosha. Kuna vitu mtu akivibeba amevibeba, na kumwuliza uzito hakumpunguzii. Mimi nitasimama mahakamani Septemba na nitasema nilikuwa nayo mkononi, kwa sababu nilikuwa nayo mkononi. Kilichobaki ni sehemu ya nne. Farnham anapiga simu kila wiki na kusema kura tunazo.

Mjomba wako,
Alphée


Mjini, 11 Juni 1993

Mjomba,

Shikamoo. Kikohozi cha Mama kikizidi wiki mbili aende hospitali, asimsikilize jirani na vitunguu vyake. Mimi sijambo kwa mwili.

Kaa chini ndipo usome.

Muswada umepita jana. Watu wenye kofia walipiga makofi mpaka kwenye ngazi za nje, na bendera zikapeperushwa. Umepita bila sehemu ya nne.

Nilikuwapo. Nilibadilishana zamu na mwenzangu ili niwepo. Asubuhi waligawa nakala mpya, na mimi, ambaye sijawahi kusoma sheria yoyote ila hiyo, nikaona kwamba baada ya ya tatu inakuja ya nne ambayo siyo ile. Ya nne sasa inahusu viwanja vya kujifunzia shabaha. Nikafikiri nimekosea kuhesabu. Nikamwonyesha mlinzi wa mlangoni, maskini, naye akahesabu pamoja nami.

Nikamfuata Farnham. Alikuwa kwenye korido anashikana mikono na watu.

"Sehemu ya nne iko wapi?"

"Dada Laurette, tumepata karibu kila tulichotaka."

"Nimekuuliza iko wapi."

Akanivuta pembeni. Akasema kura tatu zilikuwa zinayumba. Akasema wabunge wale waliogopa kuambiwa mwaka wa uchaguzi kwamba wamewarudishia wafungwa bunduki, kwa hiyo kamati ikaomba kitu cha kukata, na Chama kikawapa sehemu ya nne.

"Mlisema ni moyo wa muswada."

"Watu wetu ni raia wasio na doa, dada. Tukionekana tunawapigania waliofungwa, tunawapoteza hao."

"Picha yake mmeibandika jimbo zima."

"Na imetusaidia sana," akasema. Nadhani aliona kwamba ananipa pole.

Nikaenda upande wa pili, kwa wale akina mama wenye utepe. Nilifikiri labda wao wataelewa. Mmoja akanikumbatia akasema, "Angalau ile sehemu ya wahalifu tumeiondoa, hilo ni letu, tushukuru." Wanaidai ni ushindi wao, Mjomba. Kila upande umeondoka na kitu mkononi, na bei yake ni wewe.

Plourde nilimkuta anasubiri lifti. Safari hii niliingia naye. Nikamwuliza alipigaje kura. Akasema aliupigia muswada wote kwa ujumla. Nikamwuliza kama alisimama hata mara moja kusema neno kuhusu sehemu ya nne. Alitazama namba za lifti.

"Baba zenu walivuna viazi shamba moja," nikamwambia.

"Mwambie Alphée mwaka ujao tutaangalia."

"Septemba anaweza kuwa jela."

Mlango ukafunguka, na kulikuwa na darasa la watoto wa shule waliokuja kutembelea Bunge, wote wakimtazama. Akawasalimia mmoja mmoja.

Nusu mwaka nimepoteza chakula changu cha mchana kwa ajili ya watu hawa. Sheria imeshindikana, Mjomba. Imebaki njia nyingine, na unaijua. Jumamosi nakuja huko juu. Siji kwako kwanza.

Laurette


Saint-Cyprien, 6 Julai 1993

Laurette,

Salamu zako za safari sizitumi, maana uliondoka bila kuniaga.

Ulimwambia nini baba yako?

Nakuuliza kwa sababu Alhamisi iliyopita baba yako Normand alikuja uani kwangu na pikapu yake, akazima injini na asishuke. Nilikuwa napalilia. Nilimaliza mstari mmoja, nikamaliza wa pili, bado yumo ndani anashika usukani. Nikaenda dirishani.

"Shemeji, utakunywa kahawa au umekuja kulinda viazi?"

Akasema, "Laurette anajua."

Nikamwambia sikumwambia mimi. Akasema anajua sikusema mimi, na kwamba hilo ndilo linalomnyima usingizi. Kisha akawasha gari akaondoka, na jogoo wangu mmoja nusura apitiwe.

Wewe mtoto. Nilikuwa nimelifunga jambo hili vizuri. Kwa kuwa sasa umekwisha kulifungua, nitakueleza mwenyewe, usije ukabaki na nusu yake.

Baba yako alikuwa amekwisha kuua kulungu wake wa mwaka, wiki ya kwanza. Anayeua mmoja amemaliza, hatakiwi kuingia msituni na bunduki mpaka mwaka mwingine. Aliingia. Si kwa njaa, kwa kupenda tu. Wanaume wa bonde hili wana ugonjwa huo. Alipanda kwenye kichanja cha kuvizia mtini, ubao ukakatika, akaanguka. Nikasikia risasi tatu za kuomba msaada nikaacha maharage motoni. Nilimkuta mguu umepinda vibaya. Nikamweka begani, na bunduki nikaichukua, kwa kuwa yeye hawezi na mimi siwezi kuiacha silaha yenye risasi kwenye theluji watoto wapite. Kule njiani msituni bwana nyama akatuuliza ni ya nani. Nikamwangalia shemeji yangu. Akasema, "Mimi nilikuja kuokota kuni."

Basi. Ningemwumbua? Dereva wa basi la shule akishtakiwa kwa mambo ya bunduki, anaendesha nini? Na dada yangu Cécile atakula nini? Nikasema moyoni, mimi nimekwisha kuitwa mfungwa, jina moja halizidi kwa kuitwa mara mbili.

Nilifikiri sheria itanitoa kwa mlango wa nyuma bila kumgusa mtu. Ndiyo maana niliisoma sana ile sehemu ya nne.

Chama cha Wenye Bunduki wameniletea kofia ya shukrani. Exilda anaivaa akiwa bandani kwa kuku.

Alphée


Mjini, 19 Julai 1993

Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe kwa kutokuaga. Ningekuja kwako ningelia, na nilikuwa na safari ndefu ya kuendesha.

Umeuliza nilimwambia nini. Nilimkuta uani anaosha basi, ndoo na brashi, suruali imekunjwa na ule mguu mwembamba kuliko mwenzake. Nikachukua tambara nikaanza na vioo. Tulifika mpaka mlango wa nyuma.

Nikamwambia, "Baba, mama mmoja wa kamati aliniuliza bunduki ilikuwa ya nani. Nikasema sijui. Nilikuwa mjinga peke yangu mle chumbani."

Akasema, "Alphée hakuwaambia?"

Ndivyo nilivyojua, Mjomba. Hakukiri, aliuliza tu, na alipoona uso wangu akaketi kwenye ngazi ya basi. Akasema amekuwa akisubiri tangu Novemba mtu aje amwambie la kufanya. Alikuwa akisikiliza habari za muswada kwenye redio kila jioni, anaomba upite, ili asilazimike. Nikamwambia haukupita. Nikamwambia sitamwambia la kufanya. Nikakamua tambara nikaondoka. Mama alikuwa dirishani, na najua alisikia.

Nakukasirikia wewe pia, nakuambia kwa heshima zote. Ulimfichia siri mtu ambaye siri hiyo ilikuwa inamla. Nami ukanituma kuwaomba watu wageni huruma wakati haki ilikuwa inaosha basi nyuma ya nyumba yetu.

Mwambie mkaza mjomba kofia imempendeza, hata kama sijaiona.

Laurette


Saint-Cyprien, 22 Septemba 1993

Mpwa wangu Laurette,

Salamu nyingi. Tunavuna. Shule zimefungwa kama kawaida ili watoto waokote viazi, na mgongo wangu unanikumbusha kila pipa. Exilda mzima. Mama yako mzima, naambiwa, kwa kuwa mimi hanisemeshi.

Kesi imefutwa.

Wiki mbili kabla ya siku ya mahakama Normand alivaa koti lake la kanisani akaenda kwa mwendesha mashtaka, bila wakili, bila kuniambia. Akasema, "Bunduki ni yangu mimi, nilikuwa nawinda wakati sikuruhusiwa, nilivunjika mguu, na Alphée aliibeba ili isiue mtu, nami nikamkana." Mwendesha mashtaka akamwuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu, "Niliona aibu, halafu nikaona aibu ya kuona aibu." Wakili wangu ndiye aliyenisimulia. Anasema mwendesha mashtaka aliweka kalamu chini akasema hamshitaki mtu kwa kubeba majeruhi. Asubuhi moja, Laurette. Sisi tulizunguka nusu mwaka.

Lakini jambo kama hili lazima lilipwe na mtu. Baba yako amenyang'anywa leseni ya kuwinda kwa miaka mitatu, akatozwa faini. Halmashauri ya shule ilikaa kumjadili. Wengine walisema mwongo asiendeshe watoto, wengine wakasema mtu anayejisema mwenyewe ndiye wa kuaminiwa. Wamemwondoa kwenye basi mpaka Krismasi, halafu watakaa tena. Dada yangu anasema kama ningekaa mbali na msitu tangu mwanzo kama sheria ilivyotaka, haya yote yasingetokea. Kwa namna fulani ni kweli, ila na mumewe angegandia chini ya kichanja.

Nilipotoka mahakamani nilitegemea nitajisikia mwepesi. Nilisimama kwenye ngazi nikakuta nimekasirika kuliko nilipoingia. Wamenifutia kesi, hawakunifutia lolote jingine. Mimi bado ni yuleyule wa lori.

Mjomba wako,
Alphée


Kambini, 16 Novemba 1993

Mpwa wangu,

Nakuandikia nikiwa kambini, kwenye meza ya kukatia nyama, kwa hiyo usishangae harufu ya karatasi. Sote wazima. Exilda amebaki nyumbani na magoti yake na redio. Theluji ya kwanza imeanguka.

Mwaka huu tuna wapishi wawili. Normand alikuja Jumapili akasimama mlangoni na begi lake, hana bunduki, hana leseni. Nikamtupia kisu cha viazi. Ni mmenyaji mbaya sijapata kuona. Kiazi kikitoka mkononi mwake kimebaki kama gololi. Nimemwambia hivyo. Akasema mimi mchuzi wangu una chumvi kama bahari, na kwamba miaka yote walikula kwa kunihurumia kwa sababu nilikuwa na mwiko tu. Hatujazungumza hivyo tangu mguu wake uvunjike.

Leo asubuhi mmoja wa wageni, jamaa kutoka kusini asiyetujua, aliegemeza bunduki yake ukutani ili afunge viatu, ikaanza kuteleza. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nilinyoosha mkono, halafu mkono ukasimama wenyewe hewani, na bunduki ikaanguka sakafuni. Haikuwa na risasi, namshukuru Mungu. Yule jamaa akaniambia, "Mzee, si ungeidaka tu?"

Nilirudi jikoni nikakoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

Normand alikuwa ameona. Akaendelea kumenya, kisha bila kuinua kichwa akaniuliza Bunge linafunguliwa lini. Nikamwambia Januari. Akauliza kama mtu asiye na kofia ya rangi ya chungwa wala utepe mweupe anaruhusiwa kuingia. Nikasema Laurette atajua.

"Wanatoa dakika ngapi?" akauliza.

"Tatu."

Akafikiri. "Ile ya kwanza nitaimaliza kwa kuomba radhi. Mbili zinatosha kusema ni nani aliyekuwa na bunduki na ni nani aliyembeba mwenzake."

Nikamwambia Plourde ataingia kwenye lifti. Akasema yeye hawezi ngazi kwa mguu ule, kwa hiyo atakuwa amekwisha kusimama humohumo ndani anamngoja.

Sijui kama itafaa kitu. Najua sahihi yako bado iko kwa wale akina mama na sikuombi uifute. Tafuta tu godoro la pili, kwa kuwa baba yako anakoroma, na kochi lile ni langu.

Mjomba wako,
Alphée